Rafu Zinazopanda na Kushuka

Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilijengwa pamoja na zidaka zake: safu juu ya safu za mashubaka ya chokaa katika ukuta wa ndani, ambamo bibi zetu walipanga sahani za kaure na vitu vyao vya thamani. Uzuri wake haukanushiki hadi leo. Lakini kidaka ni cha ukuta, na ukuta hauhami. Jamaa zetu waliotoka pwani kufuata kazi, biashara au masomo ya watoto huko Kisii na Nyamira hukuta nyumba za kupanga zenye kuta tupu, jiko dogo, na pengine rafu moja ya saruji iliyowekwa pale palipomfaa mwenye nyumba. Matokeo yake twayaona tunapowatembelea: masufuria chini ya meza, vitabu vya madrasa ndani ya katoni, na msahafu juu ya friji, kwa kuwa hapana mahali pengine palipo juu.

Hali hii inatibika kwa kabati au rafu ambayo mbao zake hupandishwa na kushushwa bila ya kung'oa msumari. Fikra yenyewe si ngeni duniani. Mwaka 1960 Mjerumani Dieter Rams alibuni rafu za chuma za kutundikwa ukutani, zenye kuhamishwa kwa pini ndogo, nazo zauzwa mpaka hivi sasa kwa bei ambayo hatutaitaja mbele ya watu wenye karo za kulipa. Kazi hiyo hiyo seremala wa Keroka aweza kuifanya kwa msumeno na randa.

Tuanze na mbao, kwani hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na nyanda hizo hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Hewa hiyo yafaa chai na ndizi. Kabati la dukani, lililoundwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, haliipendi: maji yakipenya kingoni ubao huvimba, ngozi yake ya juu hubanduka, na skrubu hulegea. Mkaratusi nao umejaa kila kilima kwa kuwa hukua upesi, na ni mti mwema kwa nguzo na kwa kuni za viwanda vya chai, ila mbao zake hupenda kupasuka na kujipinda zikaukapo. Sisi twapendelea msaipresi, au mgrevilea upandwao mipakani mwa mashamba. Muhimu ni mbao ziwe zimekauka, yaani zimepangwa kivulini kwa miezi kadhaa, vijiti vikitenga ubao na ubao ili hewa ipite. Ubao mbichi hujulikana kwa uzito wake, na kwa ubaridi wa unyevu ukiuwekea kiganja.

Ama namna ya kuihamisha rafu, ziko njia nyingi, na tunayoipenda ni ya zamani na haina chuma. Fundi hukata papi nne za kusimama katika pembe nne za kabati, kila moja ikiwa na meno mfano wa msumeno, jino na jino zikiachana inchi 2. Kijiti cha kukingama hulazwa juu ya meno kila upande, kutoka papi ya nyuma hadi ya mbele, na ubao wa rafu huketi juu ya vijiti hivyo viwili. Ukitaka kuihamisha, wainua ubao, wahamisha vijiti, basi. Siri ni moja: papi zote nne zifungwe pamoja na kukatwa kwa mara moja. Zikikatwa mbalimbali, meno hayatalingana, na rafu itacheza kama meza ya mkahawa. Mwenye kutaka tundu na pini badala ya meno na amhimize fundi atumie kibao kimoja chenye matundu kuwa kipimo cha pande zote.

Vitabu ni vizito kuliko wengi wanavyodhani. Futi moja ya vitabu vilivyosimama yaweza kufika kilo 10, na mijalada ya tafsiri huzidi hapo. Ubao ukirefushwa maradufu hali umejaa vitabu toka mwanzo hadi mwisho, kupinda kwake huongezeka mara 16. Lakini unene ukiongezwa maradufu, ugumu wake huwa mara 8. Kwa hiyo ubao wa inchi 1 usizidi futi 2 na nusu baina ya nguzo na nguzo. Kina cha inchi 10 chatosha vitabu. Jikoni ifanywe 12. Nyuma ya kabati iachwe nafasi ya inchi 1 au 2 kutoka ukuta wa nje, la sivyo katika msimu wa masika kuvu itaanza kwenye majalada ya nyuma kabla hamjaiona.

Jikoni faida yake huonekana zaidi mwezi wa Ramadhani. Siku za kawaida rafu za karibu karibu zatosha vikombe na sahani. Ukifika mwezi mtukufu, ubao mmoja hushushwa na sufuria kubwa, birika na masinia hupata makao. Na kwa kuwa kufunika vyombo usiku ni katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), tunashauri sehemu moja itiwe milango ya wavu, au pazia safi ikiwa fedha haziruhusu.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Kabati refu lisilofungwa ukutani ni hatari kwa mtoto. Mtoto wa miaka miwili au mitatu huziona rafu kuwa ngazi. Akipanda ya pili, uzito wake huwa mbele, na kabati lote laweza kumwangukia. Vipande viwili vya chuma cha pembe, vilivyotiwa skrubu juu ya kabati na ukutani, vyatosha kulizuia. Katika nyumba ya udongo, skrubu iingie kwenye nguzo ya ndani ya ukuta, kwani udongo hauishiki. Na nyumba ya kupanga ni amana: mwenye nyumba aombwe ruhusa kabla ya ukuta kutobolewa, naye aelezwe sababu. Akikataa, fanyeni kabati fupi lenye kitako kipana, lisilopita kifua cha mtu mzima. Vizito vikae chini siku zote, na kitu kinachomvutia mtoto, kama biskuti, kisiwekwe juu.

Katika kabati la vitabu, rafu ya juu kabisa iwe ya misahafu na marufaa, wala pasiwekwe kitu juu yake. Rafu ya watoto ianzie chini ya kiuno chao, ipandishwe jino moja moja kadiri wanavyokua. Kwa pambo, nendeni Tabaka, ambako wanaume huchonga jiwe la sabuni na wanawake hulisugua kwa maji mpaka ling'ae. Mawe mawili ya kuzuia vitabu visilale yapendeza kuliko nakshi nyingi za gharama. Mkinunua na mabakuli yake, yawekeni rafu ya chini, kwa sababu ni mawe.