Kutoka Kijitabuni Hadi Jukwaani

Andiko na hotuba hujengwa tofauti, hata vikibeba hoja ileile. Msomaji akipotea hurudi ukurasa wa nyuma. Mwanafunzi aliyeketi kwenye mdahalo hana nafasi hiyo. Ndiyo maana anayegeuza andiko kuwa hotuba huanza kwa kupunguza. Mfano mzuri ni Elimu ya Kujitegemea, kijitabu alichokitoa Mwalimu Nyerere Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha.

Kijitabu kinaanza kwa kukumbusha kuwa watu walidai elimu zaidi kwa miaka mingi bila kujiuliza ni ya nini. Kisha kinapitia lengo la elimu, shule za kikoloni, mabadiliko ya baada ya Uhuru na kasoro zilizobaki, ndipo kinafika kwenye mapendekezo. Mpangilio huo unamfaa ofisa wa wizara. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Kariakoo, lile swali la mwanzo libaki, ukoloni upewe sentensi mbili, na kasoro ichaguliwe moja tu. Inayowagusa wanafunzi zaidi ni ile ya kudhani kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni.

Takwimu nazo zinataka kazi. Nyerere alitaja watoto 490,000 waliokuwa shule za msingi mwaka 1961 na 825,000 mwaka 1967. Zikisomwa jukwaani jinsi zilivyo, zinaingia sikio hili na kutokea lile. Lakini uwiano wake ni kama watatu kwa watano: msemaji anaweza kuwasimamisha wenzake watatu mbele, kisha akaongeza wawili, ukumbi mzima ukaona ongezeko lenyewe.

Mifano ndiyo hubadilika kuliko kitu kingine. Kijitabu kinazungumzia shamba la shule, kwa kuwa nchi ilikuwa ya wakulima. Mtoto anayeishi ghorofani na kushinda dukani kwa mjomba wake Mtaa wa Kongo hulisikia shamba kama jambo la wengine. Badala ya kutangaza kwamba elimu inapaswa kumwandaa mwanafunzi kushiriki katika kazi za jamii inayomzunguka, msemaji aulize: “Nani hapa anaweza kupima kitambaa, akakikata, akakishona?” Mikono michache itakayonyooshwa itamsaidia kuliko aya nzima. Hata hivyo ni lazima aseme wazi kwamba cherehani ni mfano wake yeye, si maneno ya Mwalimu. Hotuba nyingi za shule huchanganya mambo hayo mawili.

Itifaki ya “Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa majaji, mtunza muda” iwe fupi, maana dakika tano hutosha maneno kama mia tano tu, na andiko lina maelfu.

Pingamizi kubwa linajulikana: wanafunzi wengi wameijua kazi ya mikono shuleni kama adhabu ya waliochelewa. Msemaji asipolitaja yeye mwenyewe, mpinzani atalitaja na ukumbi utacheka. Akilitaja mapema, anaweza kuonyesha kwamba kijitabu kilitaka kazi iwe sehemu ya masomo, wanafunzi wakishiriki kuipanga. Mapendekezo ya kijitabu yaliihusu serikali. Ombi la hotuba liwe dogo, ambalo mkuu wa shule anaweza kulikubali wiki hiyohiyo, kama chumba kimoja cha ufundi baada ya vipindi.