Kolwezi na Kinshasa kwa ndeke: saa moja, mbili ao tatu?

Tiketi ya kwenda inaweza kuandika: kutoka Kolwezi 10h00, kufika Kinshasa 11h00. Ya kurudia: kutoka Kinshasa 15h00, kufika Kolwezi 18h00. Watu wengi wanajiuliza: ndeke inakwenda kwa saa moja, inarudi kwa tatu, juu ya nini?

Jibu: safari zote mbili ni za masaa mawili. Tiketi inaandika kila saa kwa kufuata saa ya fasi yenyewe. Kongo yetu iko na masaa ya namna mbili. Kinshasa na mangaribi wako nyuma yetu saa moja. Kolwezi, Lubumbashi na Goma ni saa moja mbele. Sisi tunaona jua mbele yao.

Kati ya Kolwezi na Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, kuna karibu kilometa 1.300. Ndeke kubwa ya rekta inakimbia karibu kilometa 800 kwa saa. Ukiongeza muda wa kupanda na wa kushuka, ni karibu masaa mawili. Ndeke ndogo ya mapanga inaomba karibu masaa matatu.

Tena kuna safari zinazopitia Lubumbashi. Hapo unaanza kwa kuipa Kinshasa mgongo: karibu kilometa 240 mpaka Lubumbashi, kisha zingine 1.550 mpaka Kinshasa. Jumla inakuwa karibu 1.800, na bado hatujahesabu masaa ya kungoja. Njo maana, mbele ya kulipa, uliza kama ndeke inasimama njiani.

Hii saa moja inapotesha watu feza. Kama ndugu wa Kinshasa amekununulia tiketi, na imeandikwa 10h00 kutoka Kolwezi, usiseme "ile ni saa ya Kinshasa, kwetu ni 11h00." Hapana! Ni 10h00 ya hapa kwetu. Ukifika na hesabu yako ile, utaangalia ndeke ikiwa juu.

Kwa kurudi pia kuna mutego. Simu ikibakia na saa ya Kinshasa, utashuka Kolwezi ukisoma 17h00, na kumbe ni 18h00, jua liko karibu kuzama. Mwenye kuendelea na motokari mpaka Fungurume atajikuta njiani usiku.

Na ofisi? Kama wamekupa rendevu ya 9h00 Kinshasa, utakuwa nayo saa ya kule. Lakini ukipiga simu toka Kolwezi, watakujibu wakati kwetu ni 10h00.

Basi hesabu ni hii: ukienda Kinshasa, rudisha saa nyuma mara moja, ukirudi Kolwezi, songesha mbele. Na kwa tiketi, fuata saa ya muji wenye ndeke inatokea.