Maumivu ya Kifua Gerezani: Ugonjwa Unaodhaniwa Kuwa Uvivu

Gereza si kisiwa. Waliomo ndani ni wazazi, ndugu na majirani zetu, na wengi wao watarejea katika kata hizi hizi baada ya kifungo kwisha. Maradhi waliyoingia nayo watatoka nayo, yakiwa yamedhibitiwa au yakiwa yamezidi. Makala haya yanaeleza ugonjwa mmoja wa moyo ambao hudhibitika vizuri endapo utatambuliwa, lakini ambao gerezani huweza kudhaniwa kuwa ni hila ya kukwepa kazi.

Tuchukue mfano. Mzee mwenye umri wa miaka 58, mkulima, amehukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa kosa la kuharibu mali katika ugomvi wa shamba. Kwa miaka kadhaa amekuwa akihudhuria kliniki, lakini kadi yake na dawa zake zimebaki nyumbani. Siku ya kwanza ya kazi anapewa jembe. Baada ya kulima tuta moja au mawili anashika kifua na kuketi. Dakika chache baadaye maumivu yametoweka. Anapofikishwa zahanati ya gereza, mapigo ya moyo ni ya kawaida na sura yake haina dalili ya ugonjwa. Kesho yake hali inajirudia vilevile. Si ajabu walio karibu naye wakasema: huyu huugua akiona jembe, na hupona akiachwa apumzike.

Maneno hayo, yaliyosemwa kwa dhihaka, ndiyo maelezo sahihi ya ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa huu ni upi?

Wataalamu huuita anjaina. Moyo ni msuli, na kama msuli mwingine wowote unahitaji damu ili ufanye kazi. Mishipa inayoupelekea damu inapozibwa kwa sehemu na mafuta yaliyoganda katika kuta zake, damu inayopita hutosha mtu akiwa ametulia, lakini haitoshi anapolima, anapopanda mlima, anapobeba mzigo au anapopatwa na hasira kali. Hapo moyo hulalamika kwa maumivu ya kubana au uzito katikati ya kifua, ambayo huweza kusambaa hadi begani, mkononi, shingoni au tayani. Mtu akipumzika, mahitaji ya moyo hupungua na maumivu huondoka, kwa kawaida ndani ya dakika chache.

Anjaina huitwa tulivu pale inapokuja kwa namna inayotabirika: kazi ya kiasi kile kile, maumivu yale yale, nafuu ile ile baada ya kupumzika. Baadhi ya wagonjwa, hasa wanawake, wazee na wenye kisukari, huweza kusikia pumzi kuwa fupi au uchovu badala ya maumivu makali. Aidha, kipimo cha umeme wa moyo kinachofanywa mgonjwa akiwa ametulia huweza kutoonesha kasoro yoyote. Kwa hiyo historia anayoisimulia mgonjwa ndiyo msingi wa uchunguzi, na asiyeaminiwa anaposimulia hukosa tiba.

Tiba yake

Mgonjwa hupewa dawa za aina mbili. Za kwanza ni za kila siku: aspirini kwa kiwango kidogo ili damu isigande, dawa ya kupunguza lehemu, na dawa ya kupunguza kasi ya moyo au shinikizo la damu. Baadhi ya dawa hizo, hasa zile za kupunguza kasi ya moyo, zikikatizwa ghafla huweza kuzidisha maumivu na hata kuleta shambulio la moyo. Ndiyo maana siku za kwanza za kukamatwa au kuhamishwa gereza ni siku za hatari kwa mgonjwa huyu.

Ya pili ni dawa ya dharura, nitrogliserini, ambayo huwekwa au hupuliziwa chini ya ulimi. Mgonjwa aitumie akiwa ameketi, kwa kuwa hushusha shinikizo la damu na huweza kumletea kizunguzungu. Maumivu yakiendelea baada ya dakika 5, hurudia mara ya pili. Yakiwa bado yapo dakika 5 baada ya hapo, huo si wakati wa kungoja asubuhi: achukuliwe kuwa na shambulio la moyo na apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo maumivu yanapomjia akiwa amepumzika, au yanapoanza kuja mara nyingi zaidi kuliko ilivyokuwa.

Nyumbani, dawa hiyo hukaa mfukoni. Gerezani, dawa kwa kawaida hutunzwa na wahudumu, na milango hufungwa usiku. Dawa ya dakika 5 iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtu aliyefungiwa selo. Hivyo mganga na uongozi wa gereza hupaswa kukubaliana mapema: ama mgonjwa akae nayo, ama iwepo kwa askari wa zamu anayeweza kuifikisha papo hapo.

Haki ya mgonjwa mfungwa

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za chini za kuwahudumia wafungwa, zijulikanazo kama Kanuni za Nelson Mandela, kwa heshima ya kiongozi aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni hizo zinataka mfungwa apate huduma ya afya ya kiwango kile kile kinachopatikana katika jamii, bila malipo. Achunguzwe mapema baada ya kupokelewa. Kumbukumbu zake za matibabu zimfuate anapohamishwa. Na kazi anayopewa izingatie uwezo wa mwili wake. Uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya, na mtu asiye mtaalamu hapaswi kuutengua.

Familia ifanye nini?

Kwanza, kadi ya kliniki, cheti cha dawa na barua ya rufaa visibaki nyumbani. Vipelekeni gerezani mapema na kuvikabidhi kwa utaratibu uliopo, mkiomba vimfikie mganga. Bakini na nakala.

Pili, msipenyeze dawa kwa siri. Dawa isiyojulikana kwa mganga huweza kugongana na nyingine. Nitrogliserini, kwa mfano, ikikutana na dawa za kuongeza nguvu za kiume huweza kushusha shinikizo la damu kwa kiwango cha kuua.

Tatu, msimpelekee sigara kama zawadi. Uvutaji huharibu mishipa ile ile tunayojaribu kuiokoa. Pale chakula kinaporuhusiwa, punguzeni chumvi na mafuta.

Nne, mnapomtembelea, muulizeni: maumivu huja ukifanya nini, na huchukua muda gani? Jibu likiwa limebadilika tangu mlipoonana mara ya mwisho, ombeni kumwona mganga au Mkuu wa Gereza siku hiyo hiyo.

Tano, siku ya kutoka, ombeni dawa za kuanzia na maelezo ya matibabu, kisha mpelekeni katika zahanati au kituo cha afya cha kata yenu ndani ya wiki ile ile.

Mahakama humhukumu mtu kupoteza uhuru wake kwa muda uliotajwa. Haimhukumu kupoteza moyo wake. Tukilielewa hilo, mzee wa mfano wetu atapewa kazi inayomfaa, dawa yake itakuwa karibu naye usiku, na miezi 6 ikiisha atarejea shambani kwake akiwa hai.

*Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Halmashauri ya Wilaya.*