'TUTARUDI KUWACHUKUA': MIAKA 15 YA KUSUBIRI KATIKATI YA BAHARI

Waliachwa na chakula cha miezi mitatu na ahadi ya mdomo. Meli iliyowachukua ilifika wakati mtoto wa mwisho kisiwani ana miezi minane.

Msomaji wangu, hakuna neno linalotumika ovyo kati ya wapendanao kama 'nakuja'. Nakuja sasa hivi, niko njiani, nisubiri hapo hapo. Ukisubiri saa mbili umenuna, ukisubiri siku mbili umeshapiga simu kwa mama mkwe. Sasa hebu fikiria umeambiwa 'nakuja' na mtu anayepanda chombo mbele ya macho yako, kisha ukasubiri miaka 15 kwenye kipande cha mchanga ambacho unaweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Kipande hicho kipo kweli. Kinaitwa Tromelin, kiko Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagascar kwa kilometa 450 hivi. Urefu wake ni kama meta 1,700 na upana meta 700, na pale palipoinuka kuliko pote hapafiki meta kumi juu ya bahari. Zamani Wafaransa walikiita Kisiwa cha Mchanga, basi. Hakuna mto, hakuna kilima, na enzi hizo hapakuwa na mti wa kuitwa mti, ni vichaka tu, kasa na ndege wa baharini.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara kinanikera upya. Nataka nikukere na wewe.

MZIGO WA MAGENDO

Mwaka 1761 meli ya Kampuni ya Kifaransa ya India ya Mashariki iliyoitwa L'Utile ilitia nanga Foulpointe, pwani ya Madagascar, kununua chakula cha kupeleka Ile de France, ambayo leo tunaiita Morisi. Gavana wa huko alikuwa amepiga marufuku kuingiza watumwa. Ilikuwa vita, Waingereza walikuwa wanatishia, na aliogopa midomo ya kulisha. Nahodha, Jean de La Fargue, hakujali. Alinunua Wamalagasi wapatao 160 kimyakimya akitaraji faida yake, akawajaza chini ya sitaha.

Usiku wa tarehe 31 Julai meli ikapanda mwamba wa Kisiwa cha Mchanga. Ramani mbili zilizokuwemo melini hazikukubaliana kisiwa kiko wapi, na nahodha aliendelea na safari gizani. Mabaharia walijiokoa wengi wao. Wamalagasi walikuwa wamefungiwa chini, milango imepigiliwa, na wengi walikufa humo humo mpaka mbao za meli zilipopasuka na kuwapa njia. Nchi kavu nako maji machache yaliyookolewa yalikuwa ya wazungu. Wengine wakafa kwa kiu kabla ya kisima kuchimbwa na kutoa maji ya chumvichumvi, lakini ya kunyweka.

Nahodha alichanganyikiwa, uongozi ukamwangukia msaidizi wake wa kwanza, Barthélemy Castellan du Vernet. Huyu ndiye mtu ambaye sijui nimweke wapi. Alipanga kambi mbili, moja ya Wafaransa na moja ya watumwa. Akaamuru chombo kijengwe kwa mabaki ya mbao, na Wamalagasi wakafanya kazi ile bega kwa bega na mabaharia. Tarehe 27 Septemba 1761, Wafaransa 122 walijibana humo wakaondoka. Ufukweni walibaki Wamalagasi kati ya 60 na 80, na chakula cha miezi mitatu, na cheti cha kuwasifu kwa utumishi wao mwema. Yaani cheti! Na ahadi kwamba meli itarudi kuwachukua.

Castellan alifika salama, akaomba meli. Gavana, Desforges-Boucher, akakataa. Watu wale kwake walikuwa mali ya magendo iliyoletwa kinyume cha amri yake, na hasira ya bwana mkubwa ikaishia kwa waliokuwa wanyonge kuliko wote. Habari zilifika mpaka Paris, zikazungumzwa kidogo, kisha vita ikawameza watu, Kampuni yenyewe ikafilisika, mambo yakaisha hivyo. Castellan aliendelea kuomba, na miaka kumi na zaidi baadaye alikuwa bado anaandika barua serikalini. Mapenzi ya kweli, wanasema, ni vitendo. Lakini mtu asiye na meli yake atafanya kitendo gani?

WANAWAKE SABA

Mwaka 1773 chombo kimoja kilipita, kikawaona, kikatoa taarifa. Meli iliyotumwa ilishindwa kukaribia, kwani mawimbi ya pale hayana huruma. Meli nyingine ilipofuata, mashua yake ndogo ilivunjika. Baharia mmoja akaogelea kurudi melini, mwenzake akabaki kisiwani. Huyo aliyebaki hakukaa sana. Alitengeneza chelezo, akaondoka na wanaume watatu na wanawake watatu, na hawakuonekana tena.

Tarehe 29 Novemba 1776, meli La Dauphine ya Chevalier de Tromelin ilifanikiwa. Walikuta wanawake saba na mtoto mchanga wa miezi minane. Mwanamume hakuna hata mmoja. Mavazi yao yalikuwa yamesukwa kwa manyoya ya ndege, na moto wao ulikuwa ukiwaka bado. Hesabu mwenyewe miezi ya ujauzito: mtoto yule alitungwa mwaka 1775, na baba yake huenda alikuwa mmoja wa wale watatu wa kwenye chelezo. Mama alibaki na mama yake mzazi na kitoto. Bibi, mama na mjukuu, vizazi vitatu, wakashuka Morisi pamoja.

Huko walitangazwa kuwa watu huru kwa kuwa walinunuliwa kinyume cha sheria. Waliulizwa kama wanataka kurudishwa Madagascar, wakakataa. Mtoto akabatizwa Jacques Moyse, yaani Musa, aliyeokolewa majini. Mama yake, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Tsimiavo, akaandikwa Eve. Bibi akapewa jina la meli, Dauphine. Kisiwa kikapewa jina la nahodha aliyewachukua. Wewe ona mwenyewe nani alipata nini.

Na usidhani dunia ilikuwa imejifunza kitu. Tarehe 14 Septemba mwaka huo huo wa 1776, wiki kumi na moja tu kabla ya uokozi, Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa, huku kwetu, wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa visiwa vile vile vya Wafaransa. Kwa hiyo ukisikia Tromelin usiseme ni habari ya Wamalagasi. Bahari ni ile ile na soko ni lile lile.

MABAKULI YENYE VIRAKA

Kinachonisumbua ni kwamba hakuna aliyekaa chini na wanawake wale akaandika yote waliyosema. Tuna maandishi ya mabaharia na barua za wakubwa. Maneno yao wenyewe ni mistari michache iliyopitia midomo ya wengine. Kituo cha hali ya hewa kilipojengwa kisiwani mwaka 1954, watu walikaa juu ya mchanga uliofunika nyumba zao.

Ndipo mwaka 2006 alipotokea Max Guérout, mwanajeshi mstaafu wa majini aliyegeuka mwanaakiolojia, pamoja na wenzake. Walichimba mara nne: 2006, 2008, 2010 na 2013. Walichokikuta kimebadilisha kisa kizima. Haikuwa kambi ya watu waliokaa wakilia wakitazama upeo wa bahari. Ilikuwa nyumba: kuta nene za mawe ya matumbawe na mwamba wa ufukweni, vyumba vimeshikana kukwepa vimbunga, na jiko lenye vyombo. Wataalamu wanakumbusha kwamba katika nyanda za juu za Madagascar, jiwe lilikuwa la kaburi, walio hai wakikaa kwenye nyumba za mbao au udongo. Kama watu hawa walitoka huko, basi walilazimika kulala ndani ya kitu ambacho nyumbani kilikuwa cha wafu. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi na mtu mmoja. Watu walikaa, wakabishana, wakakubaliana.

Kulikuwa na mifupa ya ndege na kasa kwa wingi mno, vijiko, vyuma vya kuwashia moto, bangili za shaba. Bangili, jamani! Katikati ya njaa na upepo, kuna mtu alikaa akakunja shaba ajipambe, au ampambe mwenzake. Wanaotuletea barua hapa ofisini wakiuliza kama inafaa kujipamba wakati maisha ni magumu, jibu limechimbwa mchangani.

Vitu hivyo vimeonyeshwa Nantes, Paris na kwingineko, na mchoraji Sylvain Savoia aliyefuatana na wachimbaji alitoa kitabu cha picha mwaka 2015. Kisiwa kiko chini ya Ufaransa, Morisi nayo inakidai. Makubaliano ya kukisimamia pamoja yalitiwa saini mwaka 2010, lakini bunge la Ufaransa halijayapitisha. Wakati wakubwa wanavutana, vimbunga navyo vinakula ufukwe kwa ratiba yake.

Mimi ningekuonyesha mabakuli ya shaba. Yametoboka na kuzibwa, yakatoboka tena na kuzibwa tena, kiraka juu ya kiraka, kila kipande kimekatwa na kukazwa kwa vijipini vya shaba vilivyopigwa kwa mkono. Watu waliokata tamaa hawashoni bakuli mara zote hizo. Kila kiraka kilikuwa mlo mwingine, wa kesho yake, na mtu aliyejua atakula na nani.