Vipele vya Sehemu za Siri: Tusikisie, Tupimwe

Ndugu zetu wa vikundi, jambo hili latutia aibu, na wengi wetu hapa Matulo hununua dawa ya kupaka kisirisiri. Lakini vipele hivi vina sababu nyingi, na si zote zinatokana na zinaa.

Ukijikuna sana usiku, na watoto nao wanajikuna katikati ya vidole, huenda ni upele tu. Watu wote wa nyumba watibiwe siku moja. Wekundu unaowasha kwenye kinena, penye jasho, mara nyingi ni fangasi. Malengelenge madogo yenye maumivu, yanayopona na kurudi tena, huletwa na virusi. Vidonge huyapunguza tu.

Lakini kidonda kimoja kigumu kisichouma, hapo tahadhari! Huenda ni kaswende. Hukauka chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6, mtu adhani amepona, kumbe ugonjwa ungali mwilini. Kwa mama mjamzito waweza kumwua mtoto tumboni. Sindano ya penisilini huuponya.

Basi macho peke yake hayatoshi. Twende hospitali ya Webuye tupimwe damu, mume na mke pamoja, kabla ya kulaumiana.