Motokaa ya Dizeli na Mafuta ya Mbegu Penye Baridi

Ukikaa Arash, au mahali po pote katika nyanda za juu za Ngorongoro, waijua habari ya samli. Jioni, karibu na moto, humiminika kama maji. Alfajiri ya mwezi wa saba kibuyu hakitoi hata tone mpaka kiwekwe juani. Hakuna aliyeitia kitu usiku. Ni baridi tu. Lishike neno hilo, maana ndilo msingi wa yote tutakayosema.

Watu wengi huuliza hivi: Dizeli ni ghali, tena yatoka mbali. Mafuta ya alizeti yauzwa dukani, na mibono yaota penye ua. Kwa nini basi tusitie mafuta ya mbegu katika tangi la gari?

Swali hili si la kipumbavu. Injini ya dizeli imepewa jina la Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu katika mwaka 1897. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ndogo ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watu wengi walioitazama hawakutambua tofauti. Kwa hiyo usibishane na mtu asemaye kwamba jambo hili lawezekana. Lawezekana. Lakini laulizwa sharti moja: mafuta yawe ya moto.

Sharti hilo latoka wapi? Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ile ya petroli. Hubana hewa kwa nguvu hata hewa ikawa ya moto sana, kisha nozeli hunyunyiza mafuta yakawa kama ukungu, na ukungu huo hushika moto wenyewe. Sasa, mafuta ya mbegu ni mazito kuliko dizeli karibu mara kumi. Yakipita katika nozeli yakiwa baridi, hayatoki kama ukungu bali kama matone. Matone hayaungui yote. Yanayobaki hugeuka masizi magumu penye nozeli, hunasa ringi za pistoni, na mengine huteremka na kuchanganyika na oili ya injini. Oili hiyo huwa nzito kama uji, na injini huharibika. Haya hayaonekani siku ya kwanza wala ya pili. Gari laweza kwenda vizuri kwa miezi, na mwenyewe akajisifu, kumbe laharibika ndani.

Tena mafuta hayalingani. Mafuta ya nazi huganda chini ya digrii 24 hivi, na mawese ya Kigoma hufanya mabonge hata penye joto la kadiri. Mafuta ya karanga na ya mibono hupata ukungu na kuwa mazito mno baridi ikizidi. Alizeti ndiyo yenye subira, haigandi upesi. Lakini nayo huwa nzito, na pampu huivuta kwa taabu. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko juu ya bahari kadiri ya mita 2,300, na usiku wa mwezi wa sita hata wa nane baridi hushuka chini ya digrii 10. Atokaye Arash kwenda Karatu kwa njia ya Ngorongoro hana budi kuupanda ukingo huo. Chujio likizibwa huko juu kwa mafuta yaliyoganda, atalala njiani.

Labda utasema: Mbona Engaruka waliweza? Ni kweli. Katika miaka ya 2000 shirika la TaTEDO lilisimamisha huko mtambo wa dizeli uliofanywa kutumia mafuta ya mibono, kwa kazi za kijiji kama kusaga nafaka na kutoa umeme. Lakini pima tofauti. Engaruka iko chini, katika joto la Bonde la Ufa. Mtambo ule ulisimama mahali pamoja, ukazunguka polepole, ukafanya kazi ya namna moja. Gari huwaka na kuzimwa mara nyingi, hupanda na kushuka, hulala nje penye umande. Lililofaa bondeni halifai mlimani kwa sababu hiyo tu.

Basi, wafanyao jambo hili vizuri katika nchi za baridi, kama Ujerumani, hufanyaje? Huweka matangi mawili. Moja lina dizeli, la pili mafuta ya mbegu. Gari huwashwa kwa dizeli. Maji ya moto yatokayo katika injini hupitishwa kwa mabomba mpaka kwenye tangi la pili na kwenye chujio lake, mafuta yapashwe joto mpaka digrii 70 hivi. Hapo huwa mepesi, na dereva hufungulia bomba la pili. Kabla ya kufika mwisho wa safari hurudi kwenye dizeli kwa dakika chache, ili pampu na nozeli zisafishwe. Akisahau, mafuta mazito hulala ndani ya pampu usiku kucha, na asubuhi gari halitaki kuamka.

Iko njia nyingine, ya kuyageuza mafuta yenyewe kwa methanoli na magadi makali yanayoitwa kostiki soda. Mwaka 1938 basi moja huko Ubelgiji liliendeshwa kati ya Brussels na Louvain kwa mawese yaliyogeuzwa kwa njia inayofanana na hiyo. Lakini methanoli ni sumu ipofushayo macho, na kostiki huunguza ngozi. Kazi hii si ya jikoni penye watoto.

Ikiwa kijiji chenu au chama chenu chataka kujaribu, yashikeni haya:

1. Fanyeni kwanza jaribio la chupa. Jazeni mafuta katika chupa safi, muiache nje usiku wa baridi kali. Asubuhi mkiona ukungu, mabonge, au mafuta yanayokawia kumwagika, jueni ya kwamba tangi nalo litakuwa hivyo.

2. Mafuta yatulie siku kadhaa, kisha yachujwe vizuri sana. Maji na takataka huua pampu. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yana chumvi, unga na maji; hayafai kutiwa hivi hivi.

3. Ulizeni fundi habari za injini. Zile za zamani zenye chumba kidogo cha kuwashia pembeni huvumilia kuliko zile zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Magari mapya yanayoongozwa na kompyuta msiyaguse kabisa.

4. Badilisheni oili ya injini mapema kuliko desturi, na kuitazama kila wiki. Ikianza kuwa nzito, acheni mara moja.

5. Msitie petroli ili kuyafanya mafuta kuwa mepesi, wala msiwashe moto chini ya tangi. Injini iliyoharibika hutengenezwa. Mtu aliyeungua, mara nyingine hapana.

La sita ni kubwa kuliko yote. Gari linalotegemewa kuwapeleka wagonjwa na wajawazito hospitali ya Wasso lisifanyiwe majaribio. Uchungu wa kuzaa haungoji jua lipande ili mafuta yayeyuke. Gari hilo lipewe dizeli safi, hata kama ni ghali, na akiba yake iwekwe kabla ya miezi ya baridi.

Tufikiri pia habari ya gharama. Mafuta ya alizeti ni chakula. Mtoto aliyenyimwa mafuta ili gari lishibe hakupata faida yo yote. Na mibono? Katika miaka ya 2000 wakulima wengi wa Tanzania waliambiwa kuwa itawaletea fedha nyingi. Mavuno yakawa madogo kuliko ahadi, na huko Kisarawe kampuni kubwa iliyotwaa mashamba kwa ajili yake ilianguka mwaka 2011, vibarua wakabaki bila kazi. Tena mbegu zake ni sumu. Zina utamu mdomoni, na watoto huzidhania karanga. Kisha hutapika na kuharisha vibaya. Mwenye ua wa mibono awafundishe watoto wake mapema.

Hata hivyo mmea huo si wa kutupwa. Ua wake mbuzi hawauli, na mafuta yake hufanya sabuni nzuri. Sabuni haijali baridi ya mwezi wa saba. Akina mama wenye debe moja la mafuta ya mibono watapata faida ya hakika zaidi wakichemsha sabuni kuliko wakiyatia katika tangi la lori.

Kwa hiyo, mtu akija kijijini kuwauzia habari za gari linalokunywa mafuta ya mbegu, msimfukuze, wala msimpe fedha siku ile ile. Mwulizeni neno moja tu: “Mafuta yako yatapashwaje joto kabla ya kufika kwenye pampu?” Akijibu vema, mwite fundi amsikilize. Akinyamaza, mpeni chai, aende zake.