Sauti Zimenyamaza, Mbona Kazi Zinamshinda?

Akina mama wenye mgonjwa wa skizofrenia nyumbani wanalijua jambo hili. Dawa zimefanya kazi, sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza, kijana analala usiku. Lakini ukimtuma mkate na sukari, analeta mkate peke yake. Ndugu wanaanza: "Huyu amepona, sasa ni uvivu tu."

Neno hilo lisisemwe upesi. Ugonjwa huu hugusa pia kumbukumbu, usikivu na uwezo wa kupanga mambo, na dawa zinazotuliza sauti husaidia kidogo tu upande huo. Kwa hiyo wataalamu hupima uwezo huo peke yake.

Kipimo kimoja, kilichotolewa mwaka 2004 na Richard Keefe na wenzake huko Marekani, huchukua kama dakika 35. Mgonjwa husomewa maneno 15, naye huyataja anayoyakumbuka; zoezi hurudiwa mara 5.

Lakini kukumbuka maneno si kuendesha maisha. Sisi tumevutiwa zaidi na kipimo cha Thomas Patterson na wenzake wa San Diego, cha mwaka 2001. Humo mgonjwa haulizwi kama anaweza; anapewa kazi aifanye. Anahesabu fedha na kurudisha chenji. Anapiga simu kubadili siku ya kumwona daktari. Anasoma ramani ya mabasi. Anapewa maelezo ya kupika pudini ya wali, anatazama vyakula vilivyopo, kisha anaandika vinavyokosekana. (Hapo hata baadhi ya waume zetu wangeanguka!)

Humo mna pia kuandika hundi. Asiyewahi kushika hundi atashindwa, na si kwa sababu ya ugonjwa. Mpimaji mwangalifu hutaka kujua kwanza mgonjwa ameishije, na anayejua ni wewe.

Basi, mama, siku ya kliniki usiishie kusema "hajambo". Eleza: je, anakunywa dawa bila kukumbushwa? Akianza kuosha vyombo, humaliza? Chenji huirudisha kamili? Na kabla ya kuugua alikuwa akiweza nini? Andika nyumbani, maana ukifika mbele ya daktari mengi husahaulika. Na ukiona yale aliyoyaweza juzi yamemshinda ghafula, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke mapema.